Mzimu Uliokunja Shuka

Jumamosi, 7 Juni

Leo historia imeandikwa katika ukumbi wetu wa mtaa. Mwandiko wake mbaya.

Mimi ndiye mtunza ukumbi. Funguo ninazo mimi, viti navipanga mimi, na kila Jumamosi alasiri naonyesha filamu, bure, kwa maendeleo ya mtaa. Na kwa cheo pia, siwezi kujidanganya kwenye shajara yangu mwenyewe. Mwezi huu kamati inachagua Mwenyekiti wa Burudani. Mpinzani wangu ni Kinyozi. Mtu anasoma magazeti aliyowanunulia wateja, basi anajiona profesa!

Wiki nzima nimetangaza filamu ya mzimu. Nilibandika tangazo mlangoni kwa Mwenye Bucha: WENYE MIOYO MYEPESI WABAKI NYUMBANI. Filamu yenyewe sikuwa nimeitazama. Nilitazama jalada. Giza, dirisha, mkono kwenye kioo. Ikanitosha.

Ukumbi ukafurika. Filamu ikaanza. Mjane yuko nyumbani kwake peke yake. Anaosha kikombe. Pazia linapepea. Anakausha kikombe. Hakuna muziki, hakuna anayesema neno. Nikasubiri mzimu. Nikasubiri. Nikafumba macho kidogo ili nisikie vizuri.

Nilipofumbua, taa zimewashwa na watu wanagombana.

Mwenye Bucha kasimama juu ya kiti. Anasema kafunga duka mapema, kaoga, kavaa shati la pasi, kaja kutazama mwanamke anakunja mashuka! Mzimu uko wapi? Nusu ya ukumbi ikamshangilia. Kinyozi naye akainuka, na ile sauti yake ya upole inayoudhi, akasema mzimu ulikuwepo, ila wapo watu ambao macho yao yamezoea kuchagua nyama tu. Nusu ya pili ikamshangilia yeye. Kisha wote wakanigeukia mimi mwenye filamu. Ulikuwepo au haukuwepo?

Nikasema hilo ni swali zuri sana. Nikazima umeme.


Jumapili, 8 Juni

Mtaa umepasuka vipande viwili. Walioona na wasioona. Mama na binti wanaouza mboga pale kona hawasemeshani.

Nimeokota habari kidogokidogo, bila kuonyesha kwamba nilikuwa usingizini. Iko hivi. Karibu na mwisho yule mjane anakunja shuka kubwa. Shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, yeye yuko mmoja. Anahangaika nalo. Halafu shuka linanyooka. Ukimtazama yeye, huoni kitu. Ukitazama kioo cha kabati nyuma yake, unaona mtu ameshika ncha za upande wa pili. Hatishi, hasogei. Amemshikia tu. Ukipiga chafya, umemkosa.

Nimemuuliza mke wangu kama alimwona. Kasema alimwona. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Kasema hakutaka kumwongelea. Mke wangu ni muuguzi, si mtu wa maneno mengi, lakini jibu hilo lilinikaa vibaya.

Yupo na Mwalimu wa Hesabu, ambaye anatangaza kwamba alimwona vizuri kabisa na bado filamu ni mbovu. Anasema mzimu uliokuja kusaidia kazi za nyumbani si mzimu, ni mpangaji. Pande zote mbili zimemchukia.


Jumatatu, 9 Juni

Nimepata mbinu. Wapiga kura ni hawahawa waliogawanyika. Basi nami nitagawanyika!

Asubuhi nilipita kwa Mwenye Bucha, nikamwambia baina yetu kwamba filamu ile ni usingizi mtupu (hapo sikusema uongo). Akanishika mkono kwa furaha, mkono wake una mafuta. Mchana nikaingia kwa Kinyozi, nikamwambia baina yetu kwamba sijawahi kuona filamu nzito kama ile, na kile kioo, loh, kile kioo! Akanitazama sana. Akaniuliza nilipenda nini zaidi pale kwenye kioo. Nikasema ukimya wake. Akasema hata yeye.

Mke wangu kasema mshika mbili, moja humponyoka. Nikamwambia mimi nina mikono miwili.


Jumatano, 11 Juni

Mkosi! Nimepita mbele ya duka la Kinyozi. Kwenye kiti, povu hadi masikioni, ni nani? Mwenye Bucha. Tangu lini anyoe pale? Walikuwa wanazungumza. Wakanyamaza. Wakanigeukia wote wawili kwa pamoja, wembe ukiwa hewani.

Nikawapungia. Hakuna aliyenipungia.

Jioni Dada alikuja. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Ndiye aliyenilea baada ya mama. Mume wake, shemeji yangu mpiga rangi, alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa mapafu. Tangu hapo Dada anaishi na mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Bibi, na anashona mchana kutwa. Hatembelei mtu. Kwa hiyo nilishtuka.

Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, akaniuliza kama naweza kuionyesha tena ile filamu. Kasema alimwona yule mtu kwenye kioo. Kasema watu walimpa pole, wakamletea chakula, wakamwambia asahau, wakamwambia asisahau, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi nyumba inavyokuwa. Anataka Bibi naye aione. Bibi hamwongelei mwanawe kabisa, na Dada anaogopa.

Nikasema Jumamosi hii hii, Dada yangu. Akanishika shavu kama zamani. Miaka mingi hajanishika shavu.


Alhamisi, 12 Juni

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na wazo kubwa kuliko yote.

Naonyesha filamu tena. Kambi ya Kinyozi itafurahi, Dada atafurahi. Lakini kambi ya Mwenye Bucha inataka mzimu unaoonekana. Basi waupate! Pale pale shuka linaponyooka, mzimu halisi utatokea pembeni ya kitambaa cha sinema. Shuka jeupe, mikono juu, mlio mmoja. Kila mtu atakuwa ameridhika. Kura zote kapuni.

Mzimu utakuwa binamu yangu, dereva wa lori, jina la utani Pipa. Si umbo la mzimu, nakubali. Lakini ndiye pekee aliyekubali.

Tatizo: shuka. Mke wangu kaniuliza la nini, nikaona bora nisitafute matatizo ndani ya nyumba. Nikaenda kwa Dada. Nikamwambia kitambaa cha sinema kimechanika, nahitaji kitu cheupe kipana. Akafikiri kidogo. Akaingia ndani, akatoka na shuka moja kubwa ajabu, limekunjwa kwa mistari. Pindoni lina maua ya uzi wa buluu. Bibi ndiye aliyelitarizi, zawadi ya harusi yao. Kasema hajalitandika tangu mwaka jana. Kasema kama filamu ile itaonekana juu ya shuka hili, basi hata yeye marehemu amechangia.

Hapo ningeweza kusema kitu. Nakumbuka mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, tayari. Nikasema ahsante.


Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa kuliko wiki iliyopita. Walioona walikaa kushoto, wasioona kulia, Mwalimu wa Hesabu katikati peke yake. Mke wangu alikuwa zamu hospitali. Dada alikuja na Bibi. Bibi alijifunga kitambaa kipya kichwani. Aliniuliza kama kiti chake hakimzibi mtu wa nyuma, yeye ambaye ni mfupi kuliko kiti. Dada aliangalia kitambaa cha sinema, akaona ni kile kile cha zamani, hakijachanika. Akanitazama. Nikajifanya nashughulika na waya.

Safari hii sikulala. Roho ilikuwa juu juu. Na lazima niseme, ukumbi ulitulia. Hata upande wa kulia. Yule mjane aliosha kikombe, na hakuna aliyekohoa. Mwenye Bucha alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao. Nikajiambia niende nikamzuie Pipa. Nikajiambia hivyo mara kadhaa. Lakini Pipa alikuwa nyuma ya jukwaa na mimi nilikuwa huku, na ningepitaje mbele ya watu wote?

Mjane akachukua shuka. Akahangaika nalo. Likaanza kunyooka.

Pipa akatokea.

Alipiga mlio wa honi ya lori. Upande wa kulia ukaruka, kisha ukaangua kicheko. Mtu akapiga mbinja. Pipa, kwa kutiwa moyo, akaanza kucheza, akakanyaga pindo la shuka, akayumba. Kicheko kikazidi. Nami, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi sana nikaona nimeshinda.

Halafu Bibi akasimama.

Hakuogopa. Alisimama taratibu, ameshika kiti cha mbele yake, anatazama yale maua ya buluu aliyoyashona kwa mkono wake. Akasema, si kwa sauti kubwa:

“Mwanangu? Ni wewe?”

Kicheko kilikatika kama uzi. Pipa akasimama kama nguzo. Filamu ilikuwa bado inaendelea juu ya tumbo lake. Kisha sauti ikatoka ndani ya shuka, nyembamba, ya aibu:

“Hapana, Bibi. Ni mimi Pipa.”

Bibi akasema, “Aa.” Akakaa.

Dada alimwinua, akamwongoza nje. Alipita mbele yangu. Nilisema Dada. Hakugeuka.


Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kwa Dada. Kutoka barabarani nilisikia cherehani inakwenda. Nikabisha hodi. Cherehani ikanyamaza. Nikasubiri, nikabisha tena. Kimya. Nikaondoka. Nilipofika kona cherehani ikaanza tena.

Mke wangu ameshasikia yote hospitalini, kutoka kwa mgonjwa. Hakunigombeza. Alinitengea chakula, akaketi mbele yangu, akanitazama nikila. Ningependa zaidi anigombeze.


Jumanne, 17 Juni

Nimeamua kutengeneza mambo kwa vitendo. Shuka lilibaki ukumbini, lina nyayo za Pipa na doa la grisi ya lori. Nitalifua mwenyewe, nitalirudisha likiwa jeupe kuliko mwanzo. Mtu akiona kazi nzuri moyo hulainika.

Nikatia sabuni. Grisi haikutoka. Nikatia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Haikutoka. Nikamimina chupa yote.

Grisi imetoka. Na maua ya buluu yametoka.

Hayakutoka yote. Ukilisogeza dirishani unaona michirizi, rangi ya maji yaliyooshewa wino. Nimekaa nalo magotini mpaka mke wangu akarudi. Akaligusa pale pindoni kwa kidole. Akasema, “Ungeliacha tu na uchafu wake.”

Kweli. Ningeliacha tu.


Jumatano, 18 Juni

Bibi alikuja mwenyewe ukumbini. Alitembea kutoka kwao hadi kwangu, na jua lile! Nilikuwa nafagia. Nikampa kiti, nikasimama mbele yake na ufagio kama askari aliyekosa.

Nikamwambia kuhusu shuka. Nilifikiri nitazunguka kidogo, nikajikuta nimesema moja kwa moja. Akaliomba. Akapitisha kidole gumba pale maua yalipokuwa, akawa anayapata moja moja kwa kupapasa, kwa sababu nyuzi zipo, ni rangi tu iliyokwenda. Kasema nyuzi alizikaza sana, kijana wake alikuwa akigeuka geuka usingizini.

Nikamwomba radhi kwa ile siku. Nikaanza kueleza habari ya uchaguzi na kambi mbili. Akaniinulia mkono.

“Nilijua si yeye, mjukuu wangu. Mwanangu hakuwa na mwili ule.” Akakunja shuka magotini. “Lakini mtu huita tu. Utajuaje? Na kama ni yeye, halafu hukumwita?”

Akaniuliza mwisho wa filamu ukoje, maana hawakuufikia. Nikamwambia sijui, sijaufikia hata mimi. Akacheka! Akachukua shuka lake, nikamsindikiza hadi mlangoni kwao. Ndani cherehani ilinyamaza. Nikarudi.


Ijumaa, 20 Juni

Uchaguzi. Kinyozi ameshinda. Nilipata kura ya Pipa. Yangu mwenyewe nadhani iliharibika.

Mwenye Bucha ndiye aliyempendekeza Kinyozi! Alisema bado hana hakika na filamu ile, lakini siku ile alikuwa karibu aone kitu, na kuna mjinga alimzibia. Wote wakaangalia sakafu kwa ajili yangu. Afadhali wangezomea.

Tangazo la kwanza la Mwenyekiti: filamu itaonyeshwa kesho mara ya tatu. Niliombwa funguo. Nikazitoa moja moja kwenye pete, polepole, ili ionekane ni nyingi.


Jumamosi, 21 Juni

Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na ndoo.

Kinyozi alisema maneno machache. Anayetaka kelele aende zake, si dhambi, wiki ijayo kutakuwa na filamu ya kelele. Wachache wakaondoka, hakuna aliyewacheka. Ningesema mimi, ningechukua muda mrefu zaidi. Labda ndiyo tofauti.

Dada alikaa safu ya mbele, Bibi kushoto kwake. Kulia kwake kulikuwa na kiti kitupu. Taa zilipozimwa nikapata ujasiri, nikaenda taratibu nikataka kukaa. Dada hakunitazama. Akaweka mkono juu ya kiti.

“Kina mtu,” akasema.

Nikakaa sakafuni, pembeni, karibu na miguu ya Bibi.

Kikombe. Pazia. Niliona safari hii. Mjane anakuwa kama anasikiliza, halafu anaendelea na kazi yake. Hakuna kinachotokea, na huwezi kuondoa macho. Nilijua shuka linakuja. Nikajiambia: kioo, tazama kioo, usitazame kitu kingine. Akalichukua. Akahangaika nalo. Hapo nikasikia Dada anavuta pumzi, nikageuka nimtazame. Uso wake ulikuwa umelainika wote, mkono bado uko juu ya kile kiti. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu shemeji alipokuwa anarudi kazini na rangi kwenye nyusi.

Mwenye Bucha akapiga kelele, “Yule! Yule pale!” na akaziba mdomo wake mwenyewe.

Nilipogeuka, shuka lilikuwa limeshakunjwa.

Walipotoka nje waligombana tena, lakini kwa sauti ya chini. Mwenye Bucha anasema alikuwa mume. Kinyozi anasema yawezekana, au ni yule mjane mwenyewe anajiona. Mama wa mboga anasema ni mama wa yule mjane. Mwalimu wa Hesabu bado anasema mpangaji. Bibi alisema yeye hakujali ni nani, bora shuka lilikunjwa.

Waliniuliza mimi. Nilisema sikumwona. Ni mara ya kwanza nasema kweli juu ya filamu ile, na hakuna aliyeniamini.


Jumatatu, 23 Juni

Nimebisha hodi kwa Dada. Cherehani ikanyamaza. Kisha mlango ukafunguka!

Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alisema chai ipo jikoni, nijimiminie. Nikajimiminia. Nilikaa kwenye kigoda, yeye anashona, mimi namshikia kitambaa kisiburuzike chini. Hatukuzungumza habari ya shuka. Lilikuwa limetandikwa kitandani, nililiona mlango ulipokuwa wazi. Jeupe tupu.

Baadaye sana, macho yakiwa kwenye sindano, akasema kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu. Shemeji alipokuwa akirudi kazini hakuwa anabisha mlangoni. Alikuwa anagonga kioo cha dirisha la chumba cha kushonea kwa pete yake. Mara mbili, nyepesi. Ko, ko. Dada anasema anaweza kuvumilia mengine yote, kitanda, kiti, hata nguo zake. Saa ile ya jioni tu ndiyo inamshinda. Anasimamisha cherehani bila kujua kwa nini. Anasikiliza.

Nilimshika bega. Nilitoka pale nimejaa machozi, nikatembea hadi mwisho wa barabara nikijisemea: basi, yatosha. Mtu mwingine asiguse huzuni ya dada yangu. Mwache. Mheshimu.

Nilipofika kwa muuza magazeti nilikuwa nimeshaanza kufikiri.

Kwa sababu ni jambo dogo sana. Si shuka, si kelele, si hadhara ya watu. Jioni moja tu. Nyepesi. Mtu asionekane kabisa, apite tu dirishani. Kosa la mara ile lilikuwa kuonekana! Filamu yenyewe imenifundisha hivyo. Dada angesikia, moyo wake ungetulia, na maishani mwake asingejua. Nani angeumia?

Pipa nimeshamuuliza. Amekataa, anasema tangu siku ile bado hapati usingizi. Sawa. Kazi hii inataka mkono mwepesi. Nitaifanya mwenyewe.

Nimevua pete yangu ya ndoa, nimejaribu kwenye kioo cha dirisha letu. Mara mbili. Ko, ko.

Mke wangu ameitikia kutoka jikoni: “Nani huyo?”

Sikujibu. Imetoka vizuri mno.